Kabla Hujanunua Ile Sumu

Handeni,
mwanzo wa masika

Kwako mwanangu,

Mama yako mdogo anakusalimu sana. Goti lake limepata nafuu kwa kuwa mvua zimechelewa, jambo analolifurahia yeye na ninaloliomboleza mimi.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho. Unasema nguruwe wanamaliza mahindi ya marehemu kaka yangu usiku, nyani wanamalizia mchana, na kuna kijana gulioni amekuahidi punje za sumu za kuchanganya na pumba. Unaniuliza, kwa kuwa nilikuwa bwana shamba, kiasi gani kinatosha. Nimeona nikujibu kwa barua, maana simu ingekatika kabla sijafika ninapotaka kufika, na pia nataka uwasomee wenzako mnaopakana nao.

Nianze na hiyo sumu, tuimalize. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, inakataza kuua mnyama pori kwa sumu. Hilo peke yake latosha kukushusha Korogwe mjini na pingu mkononi. Lakini hata sheria isingekuwepo, pumba uliyoitega usiku haichagui mlaji. Ataila mbwa wa jirani, ataila mbuzi aliyekata kamba. Na nguruwe mwenyewe si lazima afe palepale. Atakwenda kufia kichakani au mferejini, na maji ya mlimani kwenu unajua yanaelekea wapi. Halafu kuna nyama. Sisi hatuigusi, lakini usiniambie hakuna anayeishusha usiku kwa wanunuzi wasiouliza mnyama amekufaje. Kenya punje za namna hiyo ziliuzwa madukani kama dawa ya wadudu, wafugaji wakawa wanawatilia simba kwenye mizoga, na tai nao wakafa kwa makundi. Mwaka 2009 kampuni iliyozitengeneza ikaanza kuzinunua tena kutoka madukani. Hao walikuwa na simba anayekula ng'ombe. Wewe una nguruwe, na una majirani.

Sasa unijibu kwa uhakika: nani anakula? Umemwona, au umehesabu tu kwamba kila kinachokula usiku ni nguruwe? Nenda shambani alfajiri, umande haujakauka, upite mstari kwa mstari pole pole. Nguruwe huliangusha bua kwa kifua, akala hindi na maganda yake, akaacha nusu na kuhamia bua jingine. Alipopita udongo huwa kama umelimwa na mlevi. Kwenye mihogo hufukua upande mmoja wa shina, akatoa mihogo yote, na mti ukabaki umesimama na majani yake mabichi. Unaweza kupita karibu siku kadhaa usijue umeibiwa. Nungunungu ni mwingine kabisa. Hulitafuna bua chini kabisa mpaka lianguke, hula kwa utulivu, na mara nyingi utaokota mwiba wake. Ndezi hukata mabua vipande vifupi vifupi. Nyani utamjua kwa uharibifu wa kuonja: anavunja hindi, anang'ata, anatupa, anavunja jingine, na mabaki anayaacha chini ya mti au juu ya jiwe alipokaa kula. Kima na tumbili hawapendi kwenda mbali na miti. Kama hasara iko kwenye mistari ya ukingoni tu na ni ya mchana, usimsingizie nguruwe.

Ninakusisitizia hili kwa sababu nimeona watu wakikesha usiku kucha kumlinda mwizi wa mchana.

Ugomvi wetu na nguruwe ni wa zamani kuliko mpaka wa Handeni na Korogwe. Wazee husimulia, na Abdallah bin Hemedi akayaandika katika Habari za Wakilindi, kwamba Mbegha alikuwa msasi wa upande wetu huku, nchi ya Nguu. Ndugu zake walimwita mtu wa mkosi wakamnyima urithi, akatoka na mbwa wake na mikuki yake, akawa anawaua nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba ya watu. Alikopita wenyeji walimpa chakula cha shamba, naye akawapa nyama (wazee wa enzi zile hawakuwa na neno na nyama hiyo). Akavuka hadi Usambara. Bumbuli wakampokea, Vugha wakamsimika baada ya kuua simba, na Wakilindi wakatawala milima yetu hadi machifu walipoondolewa baada ya Uhuru. Watu hupenda kusimulia sehemu ya simba. Mimi napenda ya nguruwe. Enzi kubwa ya milima yetu ilianza na mtu aliyejua kulinda chakula cha wenzake, na ningekuwa mbunge ningelikumbusha hilo kila bajeti ya maliasili inaposomwa Dodoma.

Baadaye wakaja watu waliotawala kwa kufanya kinyume chake. Mwaka 1896 Gavana Wissmann alitoa amri ya kudhibiti uwindaji katika koloni la Wajerumani. Miaka hiyohiyo sotoka ilikwisha fagia ng'ombe, na nzige na ukame vikaleta njaa. James Giblin, mwanahistoria aliyechimba sana habari za Handeni, ameonyesha jinsi mambo yalivyofuatana: watu walipopungua na kutawanyika, vichaka vilirudi mashambani, nguruwe wakarudi pamoja na vichaka, mbung'o wakafuata wanyama pori, na ng'ombe waliosalia wakafa. Mwenzake, Thaddeus Sunseri, ameandika juu ya Uzaramo kabla ya Majimaji, 1905. Huko wanaume walisombwa kulima pamba ya serikali, uwindaji ukabanwa, wanawake wakaachwa walinde mashamba peke yao, na nguruwe wakashinda. Shida hiyo ya nguruwe na njaa anaihesabu kuwa miongoni mwa mambo yaliyochochea vita.

Soma tena aya hiyo, halafu utazame mteremko wenu. Katika ujumbe wako umesema mara kadhaa kwamba nguruwe "wamezidi". Huenda wamezidi. Lakini nilipokuwa mtoto, mteremko ule ulilimwa ukagusana, shamba kwa shamba, na kila nyumba ilikuwa na dungu lake. Sisi watoto tulipiga madebe mchana kufukuza tumbili, wanaume wakakesha na moto usiku. Leo watoto wako darasani. Tangu 2016 elimu hadi kidato cha nne haina ada, na darasani ndipo mahali pao, simrudishi mtoto kwenye dungu. Vijana wako Segera na Korogwe na bodaboda zao, wengine wamefika Kariakoo. Shamba moja limelimwa, linalofuata limeachwa, la tatu mwenyewe yuko Dar na anakuja kuzika tu. Katika yale yaliyoachwa pameota kichaka kizito, na nguruwe analala humo mchana kutwa, hatua chache kutoka kwenye chakula chake. Zamani ilimbidi atoke msituni na avuke mashamba ya watu sita wenye mbwa kabla ya kufika kwa marehemu. Na chui, ambaye alikuwa akiwapunguza nguruwe na nyani bila kulipwa na mtu, tumemmaliza kwa mitego ya nyaya.

Hata wenye fedha na bunduki yamewakuta. Marekani kuna mnyama anayefanana na kulungu, mwenye mkia mweupe. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa amewindwa hadi wakabaki laki chache nchi nzima. Wakamwekea sheria za kumlinda, mbwamwitu waliokuwa wakimla walikuwa wameshaangamizwa sehemu nyingi, miji ikajengwa ikaingiliana na misitu, na sasa wanakadiriwa kuwa takriban milioni 30. Wanakula bustani, wanakula miche ya msituni hata miti mipya haioti, na kila mwaka magari zaidi ya milioni moja yanawagonga. Wengine wanaajiri wapiga risasi, wengine wanazungushia nyua ndefu, na mikutano yao ya vitongoji ina makelele kuliko yetu, maana nusu ya watu wanataka mnyama auawe na nusu wanamlisha mlangoni. Mnyama yule anapenda mahali msitu unapokutana na bustani, ajifiche huku ale kule. Nguruwe wako ni wa tabia hiyohiyo. Ukiua wawili na kichaka kikabaki, umewafungulia wengine nafasi.

Kuhusu serikali, nikueleze ilivyo usije ukasubiri kisichokuja. Kuna kanuni za 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi. Mtu akiuawa na mnyama mkali, familia ilipangiwa shilingi 1,000,000. Mazao yalipangiwa kuanzia shilingi 25,000 kwa ekari hadi 100,000, kufuatana na umbali wa shamba kutoka hifadhini, mwisho ekari 5; na shamba lililo ndani ya nusu kilomita ya mpaka wa hifadhi halikupangiwa kitu. Viwango hubadilishwa, kwa hiyo uulize vya sasa wilayani. Lakini orodha ya wanyama hao ni ya tembo, kiboko, nyati, simba, chui, mamba na wenzao. Nguruwe hayumo. Nyani hayumo. Mimi naona hii ni dhuluma ya kimya kimya: tembo akikanyaga robo ekari huko tambarare viongozi wanakuja na kamera, ila nguruwe anayekula mlima mzima kidogo kidogo kila mwaka hahesabiwi na mtu. Hilo mliseme kwenye mkutano wa kijiji na liandikwe kwenye muhtasari.

Kuua kwa kutetea uhai au mali sheria inaruhusu, lakini isiwe kisingizio cha kuwinda. Ukimwua mnyama shambani unatakiwa utoe taarifa, na nyama si yako. Mitego ya nyaya na mashimo ni marufuku sawa na sumu. Shimo la nguruwe, nakwambia, huanza kwa kuvunja mguu wa mama anayepita kuokota kuni.

Basi ufanye nini? Kazi ya kwanza ni kichaka, na hapo ndipo ningeweka nguvu zote za mwezi huu. Lile shamba lililoachwa kati yako na msitu lina mwenyewe. Mtafute kupitia mwenyekiti wa kitongoji, mwambie unaomba ulifyeke na kulilima misimu kadhaa kwa maandishi, bila kupanda miti wala kujenga, ili asiogope kunyang'anywa. Watu wengi hukataa kwa sababu ya hofu hiyo tu. Akikataa kukupa ulime, aombwe japo alifyeke. Mkimaliza la kwanza mwende la pili. Msitu wa hifadhi wenyewe usiuguse hata tawi. Wale wa TFS, wakala wa misitu, hawatakuuliza ulikuwa unamfukuza nani.

Halafu mpande pamoja. Shamba linalotangulia kutia maziwa hubeba nguruwe wote wa mlima, na linalochelewa kuvunwa hubeba wote waliobaki. Mkikubaliana na majirani kupanda katika juma moja, hasara inagawanyika na ulinzi unakuwa wa majuma machache badala ya miezi. Mahindi yakishakauka nguruwe hapungui sana hamu, kwa hiyo msiyaache yakisubiri mtu apate nauli ya kurudi kutoka Dar. Ukingoni, upande wa msitu, toa mahindi na mihogo, weka vitu ambavyo wanyama hawavihangaikii: pilipili kichaa, tangawizi, bizari. Ukiweza, panda na ua wa mkonge. Mkoa wetu umejaa mkonge tangu Wajerumani, machipukizi si ya kununua kwa bei kubwa, na ukipandwa kwa kubanana na kujaziwa miiba chini, nguruwe hutafuta njia nyingine. Utachukua muda kukua, ndiyo maana nasema upande sasa.

Ulinzi uwe wa zamu. Dungu moja kwenye kilima kinachoonekana na mashamba ya wote linatosha kuliko madungu matano yenye watu wanaosinzia. Zamu ya usiku iwe ya watu wawili. Msitumie silaha moja kila siku: leo debe, kesho moto na moshi, kesho kutwa tochi kali na kelele kutoka upande wasioutarajia. Nguruwe hujifunza upesi sauti ipi haina madhara. Nyani ndio hatari zaidi kwa akili. Huweka mmoja wao juu akiangalia, na wanamjua mwanamume na mwanamke. Mama akiwa peke yake hawaondoki, wakati mwingine wanamtishia. Kwa hiyo msiwaachie wake zenu zamu ya mchana halafu mkasema mnalinda.

Mbwa unao? Wawili wanatosha, na uwapeleke chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa anayegombana na wanyama wa porini bila chanjo ni msiba unaoulea nyumbani. Na kama kuna jirani anayesita kwa ajili ya dini, aulize msikitini: mbwa wa kulinda shamba hata mashehe hawana neno naye.

Mkishafanya hayo, ndipo mwombe msaada wa bunduki. Fungua daftari: tarehe, shamba la nani, zao gani, kiasi kilicholiwa, alama ulizoziona, na picha ya simu. Daftari hilo likishajaa kurasa za watu mbalimbali, mtendaji wa kijiji aandike barua kupitia kata kwenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya, mwombe msako halali wa wanyama waharibifu. Barua ya mtu mmoja mwenye hasira huwekwa kwenye faili. Barua yenye saini za mteremko mzima na kumbukumbu za msimu mmoja ni vigumu kuiwekea kikombe cha chai juu. Unguja wasasi wana desturi ya kutoka kwa kundi, na mbwa na nyavu, wakazungushia kichaka. Huo ndio usasi unaopunguza nguruwe. Mtu mmoja na gobore lake huwatawanya tu waende kwa jirani.

Nduguyo aliyeoa huko tambarare ya Mkomazi ameniuliza habari za tembo, na ninajua mtasomeana barua. Mwambie yake si ya madebe. Tembo asimfukuze peke yake usiku, awaite askari wa wanyamapori waje wamswage na mabomu yao baridi. Kwa shamba lenyewe, kamba za katani zilizopakwa oili chafu na pilipili iliyosagwa zinasaidia zikipakwa upya baada ya mvua. Mizinga ya nyuki inasaidia zaidi. Ng'ambo ya mpaka tu, Sagalla huko Taita, mtafiti Lucy King na wakulima walizungushia mashamba mizinga iliyounganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka. Karibu tembo 8 kati ya 10 waliosogelea waligeuza. Na asali anauza. Kwa nguruwe wako nyuki hawatakusaidia.

Nitapanda huko mvua zikitulia, barabara ile ikipitika. Nataka nilione hilo daftari, na unionyeshe mwenyewe kichaka kinaanzia wapi na kuishia wapi, maana kwa maelezo ya simu sikuelewa kama kiko juu ya mfereji au chini yake. Kama kiko chini, mpango wa ua wa mkonge tuubadili. Usinunue machipukizi kabla hujanijibu hilo. Kuna mtu ninayemdai fadhila karibu na mashamba ya mkonge, nitamwomba. Pilipili kichaa usinunue mbegu. Mama yako mdogo amekausha nyingi kuliko tunavyoweza kula, nitakuja nazo.

Msalimie mama, na wote wa nyumba ya juu.

Ni mimi baba yako mdogo.